Caravan moja, simuleta tatu: ipi uanze nayo ukitaka kuunda ndege yako mwenyewe

"Ipi ina picha nzuri?" Hilo ndilo swali la kwanza la karibu kila kijana anayeniambia anataka kutengeneza ndege ya nyongeza kwa ajili ya simuleta, yaani programu ya kompyuta ya kurushia ndege za kuigiza. Ni swali la abiria. Abiria hukaa dirishani akatazama mawingu, na ana haki yake. Fundi ana swali jingine: ndege ikikataa kuruka inavyotakiwa, nafungua wapi, na nikishafungua nitaona nini? Mimi nilianza na swali la abiria na nikalilipia kwa jioni nyingi sana, kwa hiyo humu nalinganisha FlightGear, X-Plane na Microsoft Flight Simulator kwa jicho la fundi. DCS World naiweka pembeni mapema. Kwa ndege za kivita haina mpinzani, lakini ukitaka kuuza ndege kamili humo lazima kwanza ukubaliane na wenyewe, Eagle Dynamics. Si mahali pa kujifunzia.

Ili tusiongee hewani, nachukua ndege moja: Cessna 208B Grand Caravan yenye injini ya Pratt & Whitney Canada PT6A-114A. Kama umewahi kuvuka kutoka Dar kwenda Unguja kwa ndege ndogo, au kupelekwa Mara kutoka uwanja wa Wilson wa Nairobi, huenda umeshaikalia. Nimeichagua kwa sababu namba zake zinapatikana, na kwa sababu nina shemeji anayeirusha, ambaye hana huruma hata kidogo.

Daftari kwanza

Kuna kazi ambayo haibadiliki popote utakapokwenda, na wengi huiruka. Kabla ya kufungua simuleta yoyote, ziandike namba za ndege halisi kisha uzipige hesabu kwa mkono wako. Za kwangu ni hizi: kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine mita 15.87, eneo la mabawa mita za mraba 25.96, uzito wa juu wa kupaa ratili 8,750, yaani kilo 3,969 hivi, kasi ya juu inayoruhusiwa noti 175, noti ikiwa ni maili moja ya baharini kwa saa. Injini ina nguvu za farasi 675, propela ikizunguka mara 1,900 kwa dakika.

Rubani wa PT6, kama injini hii inavyoitwa kwa ufupi, haangalii farasi. Anaangalia toki, ile nguvu ya kusokota shafti, na kikomo chake kwa injini hii ni futi-ratili 1,865. Zidisha 1,865 kwa 1,900, gawa kwa 5,252, namba ya kugeuza vipimo hivi kuwa farasi, utapata 674.7. Ndizo zile farasi 675. Sasa ukiona simuleta inakuonyesha toki 1,865 kwa mizunguko 1,900 huku ikidai injini inatoa farasi 720, ujue kuna mahali umeandika vibaya, na umelijua hilo kabla gurudumu halijatoka ardhini.

Hesabu ya pili ni ya kasi ambayo bawa linashindwa kuibeba ndege. Sheria za Marekani kwa ndege za injini moja za kundi hili ziliweka mpaka wa noti 61, flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa, zikiwa zimeshushwa kwa kutua. Noti 61 ni mita 31.4 kwa sekunde. Kwa hewa ya usawa wa bahari, yenye kilo 1.225 kwa kila mita ya ujazo, bawa la mita za mraba 25.96 likitakiwa kubeba kilo 3,969 kwa kasi hiyo linahitaji kizidishi cha mnyanyuko, namba inayopima bawa linanyanyua kwa bidii gani, cha karibu 2.5. Bawa la kawaida lisilo na flapu hukomea kwenye 1.5 hivi. Tofauti yote iliyobaki ni kazi ya flapu, na ukiitazama Caravan ikiwa inatua utaona zilivyo kubwa, zimechukua sehemu kubwa ya ukingo wa nyuma wa bawa. Basi kama ndege yako inatua kwa noti 45 bila wasiwasi, usifurahie. Umetengeneza kishada.

Ukiwa na daftari hili mkononi ndipo ulinganisho wa simuleta unapata maana, kwa sababu kila moja inakuomba namba hizi kwa njia yake.

FlightGear: kila kitu kiko mezani

Mradi huu ulianza mwaka 1996 na ni wa bure kabisa, kwa leseni ya GPL, inayotaka msimbo ubaki wazi kwa anayepewa programu. Ndege ya FlightGear ni folda ya mafaili ya maandishi: XML kwa tabia ya kuruka na miondoko, skripti za lugha iitwayo Nasal kwa mifumo, na umbo katika faili la AC3D ambalo Blender, programu ya bure ya kuchongea maumbo, inaweza kulitoa. Hakuna kilichofungwa. Cessna 172P inayokuja nayo imefanyiwa kazi na watu wengi kwa miaka, na unaweza kuifungua yote, kuanzia namna betri inavyoisha hadi namna mafuta yanavyosafiri kutoka kwenye tangi. Kwa mwanafunzi, ni sawa na gereji ambayo fundi mkuu amekuachia ufunguo.

Tabia ya kuruka utaijenga kwa njia moja kati ya mbili, na hapa ndipo uamuzi wa kwanza wa kweli ulipo.

YASim inakuuliza umbo, uzito, kasi na pembe ya kujongelea uwanja, kasi ya safari na mwinuko wake. Ukishaijibu, yenyewe inatafuta kiasi cha mnyanyuko na ukinzani wa hewa kitakachofanya namba zako ziwe kweli. Kwa mtu aliye na kitabu cha rubani tu, bila data ya maabara ya upepo, ni msaada mkubwa: siku moja au mbili unakuwa na kitu kinachoruka. Ubaya wake ni kwamba kinapatana na ndege halisi kwenye zile nukta mbili ulizotaja. Katikati yake na nje yake, ni makisio ya mashine.

JSBSim, aliyoianzisha Jon Berndt miaka hiyohiyo ya tisini, inafanya kinyume. Haikisii. Inataka majedwali: kwa pembe hii mnyanyuko kiasi hiki, flapu zikiwa nyuzi hizi ongeza kiasi hiki, usukani ukivutwa mkia unasukuma hivi. Kuna zana ndogo iitwayo Aeromatic inayokutolea rasimu ya mwanzo, kisha unabaki na kazi ya kusahihisha mstari kwa mstari. Si mchezo wa watoto. DARPA, taasisi ya utafiti wa kijeshi ya Marekani, ilipoendesha mashindano ya AlphaDogfight mwaka 2020, akili bandia zikipigana angani, F-16 waliyoitumia ilikuwa inaendeshwa na JSBSim hiihii ambayo wewe unaipakua bure.

Sasa sifa ninayoipenda kuliko zote. JSBSim inaweza kukimbia peke yake, bila simuleta, bila picha hata moja. Unaiandikia skripti: weka ndege mwanzo wa uwanja, uzito kiasi hiki, joto kiasi hiki, sukuma mafuta, vuta usukani kwenye noti 70, andika kila namba kwenye jedwali. Kompyuta mpakato ya zamani isiyo na kadi ya picha itakupaisha ndege hiyo mara 200 kwa uzito na joto tofauti wakati wewe unachemsha chai. Ukirudi unafungua jedwali na kulinganisha na kitabu. Katika zile nyingine mbili, majaribio hayohayo ni wewe, kiti, usukani na saa ya mkononi.

Na hata ukiwa ndani ya FlightGear yenyewe, kila kitu kinachotembea kina jina kwenye kitu wanachokiita mti wa sifa. Unaufungua kwenye dirisha huku ndege inaruka, unaona joto la injini, pembe ya flapu, shinikizo la hewa, namba zikibadilika mbele yako, na nyingi unaweza kuzibadilisha palepale.

Udhaifu hauhitaji maelezo marefu. Picha zake ziko nyuma, maelekezo yametawanyika, na watu watakaoirusha ndege yako ni wachache kuliko kwingine. PT6 kwa JSBSim itakutoa jasho pia: mfano wa injini upo, lakini kuufanya uwashe na kupoa kama injini halisi ni kazi ya kurekebisha kidogokidogo.

X-Plane: chora sawasawa, ndipo iruke sawasawa

X-Plane ni kazi iliyoanzishwa na Austin Meyer katikati ya miaka ya tisini. Kampuni yake, Laminar Research, iko South Carolina. Toleo la 12 lilitoka rasmi Desemba 2022. Wazo lake ni rahisi kulieleza: bawa linakatwa vipande, propela inakatwa vipande, mkia unakatwa vipande, na kila kipande kinapigiwa hesabu ya upepo unaokipiga wakati huo, mara nyingi kwa sekunde. Huandiki "ndege hii hunyanyuka kiasi hiki". Unaandika bawa lina upana huu kwenye kiwiliwili, upana huu kwenye ncha, limepachikwa kwa pembe hii, mkato wake, yaani umbo lake ukilikata kama mkate, ni huu. Mnyanyuko ni matokeo.

Zana yake, Plane Maker, inakuja pamoja na simuleta bila malipo ya ziada, na mwenzake Airfoil Maker ni wa kuchora tabia ya mkato wa bawa. Kwa Caravan kuna jambo tamu: Plane Maker inakuuliza kama turbini ya propela ni huru au imefungwa kwenye shafti moja na kikandamiza hewa. PT6 ni ya turbini huru. Propela yake haijashikana na sehemu ya nyuma inayovuta hewa. Inasukumwa na gesi tu. Ndiyo maana ukiiwasha, sehemu ya nyuma inaanza kulia kwanza na propela inafuata kivivu. Hapa unalipata hilo kwa kuchagua mstari mmoja, halafu unaongeza eneo la kurudisha propela nyuma, lile la kusimamia ndege kwenye viwanja vifupi.

Na ukitaka kuona ndani, kuna menyu inayochora mistari kwenye kila kipande cha bawa kuonyesha nguvu inayotoka hapo. Ukishusha flapu, mistari ya ndani inarefuka. Ukivuta sana usukani, unaiona ikianza kufa kutoka sehemu moja ya bawa kwenda nyingine. Kwa anayejifunza kwa macho, dakika kumi za mistari hiyo zinamfundisha zaidi ya wiki ya kusoma.

Lakini njia hii ina mtego, nami niliuingia kichwa kichwa. Caravan yangu ya kwanza ilikuwa na namba nzuri: kasi ya safari sawa, matumizi ya mafuta karibu sawa. Nikamwita shemeji. Akapaa, akanyoosha, akatulia kidogo, kisha akauliza:

"Shem, tunashuka?"

"Hapana, shem. Angalia kipima mwinuko, kimesimama."

"Basi mbona pua imeinama hivi? Mimi nikiwa safarini siioni nchi yote hii mbele yangu."

Nilikuwa nimelipachika bawa kwenye kiwiliwili kwa pembe kubwa mno. Bawa lilipata pembe lililoihitaji, kwa hiyo kiwiliwili kikainama kufidia. Mwanzoni niliona kasi haiko sawa, na badala ya kutafuta sababu nikauchezea mkato wa bawa mpaka kasi ikakaa. Makosa mawili yalikuwa yamefichana. Hilo ndilo la kuogopa kwenye X-Plane: umbo halidanganyi, ila wewe unaweza kulidanganya. Uzuri ni kwamba baada ya kuambiwa, nilijua pa kwenda. Sehemu moja, namba moja.

Umbo pia halijui kila kitu. Caravan nyingi zina lile sanduku la mizigo tumboni, na hewa inavyojikunja kati ya sanduku, miguu ya magurudumu na kiwiliwili si kitu ambacho vipande vya bawa vitakueleza. Hapo utarudi kwenye kitabu cha rubani na kurekebisha ukinzani wa kiwiliwili kwa kujaribu na kupima, kama kila mtu.

Mifumo ya umeme, mafuta na tahadhari utaiandika kwa Lua, lugha nyepesi ya programu, ama kupitia XLua ya wenyewe Laminar ama SASL, au ukiwa jasiri kwa lugha ya C. Inaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux. Mtu wa Linux, hapa ndipo pamebaki, pamoja na FlightGear.

Microsoft Flight Simulator: soko kubwa, boneti nzito

Jina hili ni la mwaka 1982, na mizizi yake ni programu ya Bruce Artwick ya 1979, lakini simuleta tunayoizungumzia ni ya Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa: toleo la Agosti 2020 na la Novemba 2024. Dunia yake hakuna mfano. Ukiruka kutoka Unguja utaziona paa za Mji Mkongwe, na kwa hilo pekee wateja wako watakuwa hapa.

Zana za kutengenezea ni za bure kwa aliyenunua simuleta. Unawasha hali ya msanidi programu, menyu inatokea juu ya skrini, na unaweza kuhariri ndege ikiwa mbele yako. Umbo linatoka Blender au 3ds Max kwa muundo wa glTF. Swichi na vishikio vinaelezwa kwa XML, skrini za chumba cha rubani ni HTML na JavaScript, na mifumo mizito inaandikwa kwa C++ na kugeuzwa kuwa moduli ya WASM, muundo ambao simuleta inaweza kuuendesha ndani yake. Ukiwa tayari unajua kutengeneza tovuti, skrini zitakuwa kazi unayoijua. Ni faida ambayo watu hawaitaji vya kutosha: kijana wa tovuti anaweza kuunda kioo cha Garmin, zile skrini za rubani, kilicho hai kabla hajaelewa bawa linafanyaje kazi.

Tabia ya kuruka iko kwenye mafaili ya mipangilio, na ukiyasoma utakuta istilahi nyingi zilizorithiwa kutoka simuleta za zamani. Asobo wenyewe walieleza kwamba badala ya nukta moja ya zamani, hesabu mpya inapita kwenye zaidi ya sehemu 1,000 za uso wa ndege. Sawa, na inaonekana kwenye upepo wa milimani. Ila kwa fundi kuna tatizo: umbo unaliingiza, majedwali unayaingiza, vizidishi vya kurekebisha unaviingiza, na jinsi hivyo vitatu vinavyopatana ndani huoni kwa urahisi. Ukipandisha kizidishi kimoja cha ukinzani, kasi inashuka, sawa. Kwa nini ilikuwa juu? Utaendelea kukisia. Ndiyo maana watengenezaji wa ndege nzito mara nyingi huandika hesabu zao wenyewe. FlyByWire, wanaotoa ndege yao ya abiria ya A320neo bure na msimbo wake wazi, ni shule nzuri ya kuona jinsi kazi hiyo inavyofanywa, na kwamba inahitaji timu. Kumbuka pia: ukiamua kuendesha hesabu zako kwenye programu ya pembeni nje ya simuleta, umeshaaga Xbox, mashine ya michezo ya Microsoft.

Kwa Caravan kuna la ziada. Simuleta hii inakuja na Grand Caravan EX tayari, ile yenye PT6A-140 ya farasi 867. Ni mwalimu, kwa kuwa unaweza kuona jinsi ndege ya turbini ilivyopangwa. Ni mpinzani pia. Mteja atauliza ya kwako ina nini, na "ina injini ndogo zaidi" si tangazo. Jibu lazima liwe kwenye mambo ambayo rubani anayajua: kuwasha mafuta mara sehemu ya nyuma inapofika asilimia 12 ya mizunguko na si kabla, kutulia kwenye asilimia 52 kwa mwendo wa chini, joto kupanda kisha kushuka, kile kitenganisha vumbi ambacho ukikifungua kwenye viwanja vya udongo unapoteza toki kidogo. Hayo utayaandika mwenyewe, na si hapa tu.

Kosa moja, meza tatu

Tuseme ndege yako inapaa vizuri Zanzibar lakini Wilson inapaa mapema mno. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Siku ya nyuzi 25, hewa yake ni nyepesi kama ya futi 8,000, karibu asilimia 79 tu ya uzito wa hewa ya usawa wa bahari. Noti 70 zinazosomeka kwenye kioo ni kama noti 79 za kweli juu ya lami, kwa hiyo lazima ule uwanja zaidi, hata injini ikiwa na nguvu zilezile. Isipofanya hivyo, kuna kosa.

Kwenye JSBSim, naliweka jaribio kwenye skripti, nabadilisha mwinuko na joto tu, nasoma safu ya nguvu ya propela na safu ya toki. Nikikuta toki inabaki 1,865 huku joto la injini halijasogea karibu na kikomo chake cha nyuzi 805, tatizo ni injini: haihisi hewa nyepesi. Nimelipata bila kupaa.

Kwenye X-Plane nawasha utoaji wa data kwenda kwenye faili, napaa mara tatu pale na mara tatu huku, kisha naangalia propela kwanza, kwa sababu mabawa yakishakuwa sahihi baharini kwa kawaida yatakuwa sahihi Nairobi. Hewa ni ileile, imepungua tu. Mara nyingi kosa liko kwenye mipangilio ya injini au kwenye pembe za propela. Nusu siku.

Kwenye Microsoft nafungua madirisha ya uchunguzi ya hali ya msanidi, naona namba za injini, nabadilisha jedwali, napakia upya, napaa tena. Inawezekana kabisa. Ila nikirekebisha Wilson, narudi Zanzibar kuhakikisha sijaharibu kule, na kisha Wilson tena. Hesabu siku mbili, na chai nyingi.

Kompyuta, bando na pesa

Hili linaamua kwa wengi wetu kabla ya fizikia. Toleo la 2024 la Microsoft linataka angalau RAM ya giga 16 na intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde. Wanachopendekeza ni giga 32 na megabiti 50, kwa sababu sehemu kubwa ya dunia inashuka kutoka mtandaoni unaporuka. Kwa fundi anayepakia upya ndege mara arobaini kwa siku, bando la simu halitoshi. X-Plane inahitaji kadi ya picha ya kweli, lakini ukishaipakua unaweza kufanya kazi wiki nzima bila mtandao, na ina toleo la majaribio la bure la kupimia kama kompyuta yako inaiweza. FlightGear inasamehe mashine nyingi. JSBSim peke yake inasamehe zote.

Kuhusu kuuza: ukichukua msimbo wa ndege ya FlightGear yenye GPL na kuutia kwenye bidhaa yako, bidhaa hiyo inarithi masharti ya GPL. Wengi hugundua wakiwa wamechelewa. X-Plane ina soko dogo lakini lenye wanunuzi wanaolipia ubora, na unaweza kuuza popote. Microsoft ina duka ndani ya simuleta, na kwa wa Xbox hilo ndilo lango pekee. Na kote, jina la Cessna na nembo yake ni mali ya watu. Ukianza kudai pesa, omba ruhusa kwanza, au iite ndege yako jina jingine.

Jambo moja linatuliza moyo: umbo ulilochora Blender, ngozi na rangi zake, na sauti ulizorekodi vinahamishika kutoka simuleta moja hadi nyingine, ukikubali kurudia kazi ya kuvipachika. Kisichohamishika ni tabia ya kuruka na mifumo.

Basi wewe uende wapi

Kama ni ndege yako ya kwanza na unataka kuelewa kwa nini inaruka, anza na X-Plane. Mistari ile ya nguvu na namba moja kwa kosa moja vitakuvusha. Kama huna kadi ya picha, au unapenda majedwali kuliko rangi, au unasoma uhandisi chuoni na unataka kazi inayoweza kukaguliwa na mwalimu wako, JSBSim ndani ya FlightGear, bila kusita. YASim itumie tu ukiwa na haraka. Kama unajua kutengeneza tovuti, una mtandao wa uhakika na lengo lako ni wateja, Microsoft, lakini jipatie mwenzako wa kubeba nusu ya kazi, na chagua ndege ambayo haiji bure na simuleta.

Na kama una mtu anayeirusha ndege hiyo kweli, mkalishe mapema, kabla ya rangi, kabla ya sauti. Wa kwangu alirudi mwezi uliopita. Pua sasa iko sawa, alisema. Kisha akauliza mlango wa mizigo unafungukaje, na mimi bado sijaujenga.